Mtoto Mwenye Mzio wa Karanga Ugenini: Mwongozo kwa Wazazi Wanaohamia Lubumbashi

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi wa Kitanzania, na wenzetu wengine wa Afrika Mashariki, wanaohamia Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kazi za usafirishaji, za migodini au za biashara wakiwa na mtoto mdogo ambaye chakula fulani kinaweza kumdhuru. Binti yetu ana mzio wa karanga, na tulihamia hapa kabla hajatimiza miaka miwili. Nitazungumzia karanga zaidi kwa sababu ndizo nilizolazimika kuzijua, na pia kwa sababu katika mji huu karanga zimo karibu katika kila chungu. Mwenye mtoto anayedhurika kwa maziwa, mayai, samaki, ngano au ufuta atafuata hatua hizihizi, akibadili jina la chakula.

Jambo moja ningependa mzazi alishike tangu mwanzo. Tulipofika tulidhani hatari kubwa ingekuwa dukani, katika makopo yaliyoandikwa lugha ngeni, na mwezi wa kwanza niliumaliza nikisoma lebo. Baadaye tukagundua kwamba hatari kubwa hutoka kwa watu wanaompenda mtoto: jirani anayeleta sahani, mlinzi anayegawana naye kijikaratasi cha karanga za kukaanga, mama wa sokoni anayemtia kitu mdomoni kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Kwa hiyo maarifa yanayobaki kichwani mwa mama au baba peke yake hayamlindi mtoto. Lazima yawe kwa yeyote aliye naye saa hiyo.

Hatua ya kwanza: maliza uchunguzi na makaratasi kabla ya kusafiri

Kwanza hakikisha kwamba ni mzio kweli. Mzio wa chakula wa aina inayotishia maisha huanza upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache na kwa kawaida kabla ya saa 2 kupita tangu mtoto ale. Huonekana kwa mabaka yanayowasha, kuvimba midomo au macho, kutapika, kukohoa, kukoroma kifua au kulegea mwili. Tumbo linalojaa gesi baada ya maziwa, bila dalili nyingine, linaweza kuwa tatizo la kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, nalo si mzio. Daktari atasikiliza historia kwanza, kisha ndipo atapima kwa kuchoma ngozi kidogo au kwa damu. Usikubali orodha ndefu ya vyakula vya kukatazwa inayotokana na kipimo cha damu peke yake, kwa maana kipimo kinaweza kuonyesha dalili ya mzio kwa chakula ambacho mtoto amekuwa akila salama, na mtoto mdogo akinyimwa vyakula saba bila sababu atakonda kwa kosa la karatasi. Kumbuka pia kwamba dawa za kutuliza mzio huharibu kipimo cha ngozi, kwa hiyo muulize daktari ni siku ngapi kabla ya kipimo uache kumpa.

Pili, omba barua ya daktari kwa Kifaransa, au itafsiriwe kabla hujaondoka, kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya hospitali na ya ofisi hapa. Barua itaje mzio wenyewe, uzito wa mtoto, majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara, na kipimo cha kila dawa. Adrenalini, dawa ya sindano inayookoa maisha mzio unapokuwa mkali, kwa Kifaransa huandikwa "adrénaline", ingawa dawa nyingine zilizotoka Marekani huandikwa "epinephrine". Barua itaje majina yote mawili ili askari wa forodha au muuguzi wa zamu asidhani ni vitu viwili. Barua hiyo ndiyo itakayokuwezesha pia kubeba sindano ndani ya ndege, ambako dawa inapaswa kukaa nawe kitini. Usiiweke kamwe katika sanduku la mizigo.

Tatu ni chanjo ya homa ya manjano, jambo ambalo wazazi wengi hulikumbuka wakiwa tayari wako mpakani. Kongo hudai cheti cha chanjo hiyo kwa kila msafiri mwenye umri wa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Chanjo hii hutengenezwa kwa kutumia mayai ya kuku yenye viinitete, kwa hiyo mtoto aliyewahi kupata mshtuko mkali kwa kula yai asichanjwe kabla daktari hajaamua. Akionekana hafai kuchanjwa, daktari huandika cheti cha kumsamehe kwa sababu za kiafya. Chanjo ya surua ni habari nyingine, nayo hupewa hata watoto wenye mzio wa mayai.

Nne ni dawa yenyewe. Kalamu ya adrenalini, ile inayofyatua sindano yenyewe ikibanwa pajani, ni ngumu kupatikana katika nchi zetu. Ukiweza kuipata, nunua mbili, kwa sababu dozi moja wakati mwingine haitoshi. Usipoipata, zungumza na daktari kuhusu ampuli, yaani vichupa vidogo, za adrenalini za miligramu 1 kwa mililita 1, ambazo ni za bei nafuu na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na bomba dogo la sindano la mililita 1. Kipimo kinachotumika ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 12 hupata miligramu 0.12, ambazo ni mililita 0.12 tu za dawa hiyo. Hesabu hii nimeitaja ili uone jinsi kiasi kilivyo kidogo na jinsi nukta moja ikikosewa inavyoweza kuleta madhara. Acha daktari aiandike mwenyewe, akuonyeshe mstari kwenye bomba, na akutazame ukijaribu kwa maji mpaka mkono uzoee.

Hatua ya pili: chagua maneno yatakayoeleweka

Kiswahili chetu na cha hapa vinaelewana, lakini si katika kila neno. Ukisema "mzio" watu wengi watakutazama tu. Waliosoma watakuelewa ukisema "alerji" kwa matamshi ya Kifaransa, ila wengi huliunganisha neno hilo na upele wa sabuni au mafua ya vumbi la kiangazi, si na kifo.

Neno lililonisaidia lilitoka kwa bibi mmoja mwenye nyumba, ambaye tulimzoea kumwita Kambo, kama watu wa hapa wanavyowaita mabibi na mababu. Nilipokuwa nahangaika kumweleza, alinikatiza akasema: "Kumbe mutoto iko na kijila ya karanga." Kijila ni mwiko wa chakula, kile ambacho mtu wa ukoo fulani hali maisha yake yote. Kwa kweli hata mzio wa Kiswahili chetu una maana hiyo ya zamani, ya chakula ambacho mtu amekatazwa, hivyo Kambo alikuwa amelirudisha neno nyumbani kwake. Tangu siku hiyo, ninapozungumza na wazee husema kijila, na sijawahi kuona mzee akimbembeleza mtoto aonje kijila chake. Kwa vijana na wauguzi nasema alerji, na naongeza papo hapo kwamba akila anakosa pumzi. Usiishie kwenye jina la ugonjwa, taja kinachotokea mwilini.

Neno hilo lina upande wake mwingine, na ni haki niutaje. Mwiko unaweza kuondolewa kwa dawa za kienyeji, na wapo walionishauri kwa nia njema nimpeleke mtoto akafunguliwe. Nilikataa kwa adabu, nikasema kwamba daktari ndiye aliyetupa kijila hiki na yeye ndiye atakayekiondoa.

Jina la karanga lenyewe lijue kwa lugha zote utakazokutana nazo. Wenye kuzungumza Kibemba, nao ni wengi mjini, husema "imbalala". Kwa Kifaransa ni "arachide", na mara nyingine "cacahuète". Bidhaa za Afrika Kusini na Zambia zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huandikwa "peanut" au "groundnut". Katika maduka ya Wachina tafuta alama mbili, 花生. Mimi nimezichora kwenye kadi ya pochi, kwa sababu sina macho ya kuzikumbuka.

Hatua ya tatu: jifunze chakula cha mji kabla mtoto hajakionja

Wiki ya kwanza, kabla ya kukubali mwaliko wowote, nenda sokoni na mtu wa hapa umuulize kila kitu kinapikwaje. Mimi nilizunguka soko la Kenya (ni tarafa ya mji, wala usidhani nimekuvusha mpaka) na jirani yetu, Mama Mkubwa wa ua mzima, nikaandika kwenye daftari.

Sombe, yaani kisamvu, hupikwa mara nyingi kwa mawese, na nyumba nyingi huongeza unga wa karanga. Ukiipokea ikiwa imeiva huwezi kuutambua kwa macho. Majani ya maboga na lengalenga, ambayo kwetu ni mchicha, nayo hupikwa kwa karanga zilizotwangwa, na Wabemba huita upishi huo ifisashi. Maandazi ya barabarani, ambayo hapa huitwa mikate, yenyewe hayana karanga, lakini uliza mafuta yamekaangia nini kabla yake na yametoka wapi. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa kiwandani hubaki na protini, ambayo ndiyo inayoleta mzio, kidogo sana, ilhali yaliyokamuliwa kienyeji hubaki nayo ya kutosha kumdhuru mtoto.

Kinachohitaji uangalifu wa pekee ni kikanda. Hutengenezwa kwa vizizi vya maua ya okidi vilivyokaushwa na kutwangwa, vikapikwa pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, mpaka vikashikamana kuwa mkate mzito wa rangi ya kahawia. Ukikatwa vipande, hufanana kabisa na soseji nene, na mgeni ataapa ni nyama. Vizizi hivyo huchimbwa hata kwetu, katika Nyanda za Juu za Kusini karibu na Kitulo, vikauzwa Zambia, lakini mtu wa pwani kama mimi nilikuwa sijawahi kukiona. Nitakirudia kikanda hiki chini, kwa sababu ndicho kilichotufundisha.

Angalia pia vyombo. Kinu cha jirani kilichotwanga karanga asubuhi hubaki na ungaunga mweupe katika nyufa za mti, na hata kikisuguliwa kwa maji ule mweupe hurudi kinapokauka. Niliuona kwa macho yangu nilipoinamia kinu cha uani nikiwa na tochi ya simu. Siku hiyohiyo tulinunua kinu chetu, na hakitoki nje ya jiko letu, ingawa baadhi ya majirani waliona ni majivuno. Vivyo hivyo kwa mashine ya kusaga: ile inayosaga mahindi, soya na karanga kwa zamu huacha masalia ambayo huingia katika unga wa mteja anayefuata. Tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake, na kama hakuna, nunua unga uliofungwa kiwandani.

Kuhusu lebo, bidhaa za Ulaya ndizo rahisi kusoma, kwa kuwa tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vyakula 14 vinavyosababisha mzio, karanga ikiwa mojawapo, vionekane kwa herufi tofauti ndani ya orodha ya viungo. Maneno "peut contenir des traces de", yaani huenda kuna masalia ya, mtengenezaji huyaweka kwa hiari yake. Kwa hiyo kutokuwepo kwake hakuthibitishi kwamba kiwanda ni salama. Biskuti na chokoleti zilizotolewa katika boksi na kuuzwa moja moja bila lebo usimpe mtoto kabisa. Jihadhari pia na vifuko vya chakula cha tiba ya utapiamlo, ambavyo wengi huviita Plumpy'Nut, kwani ndani yake mna karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari na mafuta. Ni vitamu, na mtoto wa jirani anayetibiwa anaweza kumgawia mwenzake kwa moyo mweupe.

Wenye mtoto anayedhurika kwa kamba au kaa wajue kwamba viwavi, ambavyo ni kitoweo cha heshima hapa, vina protini inayofanana na ya wanyama hao, na mwili unaweza kuvikataa vilevile. Na kuhusu samaki wa barafu, hasa yule anayeitwa thomsoni, kuna mtego mmoja: samaki wa jamii hii akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, na anayemla huwa mwekundu na kuwashwa kana kwamba ana mzio. Wakiugua wawili au watatu waliokula sahani moja, fikiria kwanza kwamba samaki alikuwa ameharibika.

Hatua ya nne: gawa maarifa kwa watu, kila mmoja kwa kazi yake

Andika majina ya wote wanaobaki na mtoto au kumkaribia kila siku. Kwetu walikuwa dada wa nyumbani, mlinzi wa lango ambaye hapa huitwa sentineli, majirani watatu wa ua, na mama anayetuuzia mboga mlangoni. Usiwakusanye kama darasa. Nenda kwa kila mmoja, mwamkie, kaa kidogo, ndipo umweleze. Kwa sentineli nilianza vibaya, nikamwagiza tu kwamba asimpe mtoto chochote, naye akaona nimemshuku kwa uchawi. Nilirudi kesho yake nikamwambia: "Papa, wewe ndiwe wa kwanza kumwona mtoto akitoka. Nisaidie kumchunga, karanga zinamfunga pumzi." Tangu hapo karanga zake anakula upande wa pili wa geti, kisha ananawa.

Kuhusu kunawa, sisitiza maji na sabuni. Jeli ya kusafisha mikono huua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga kwenye ngozi. Anayetaka kumbeba mtoto baada ya kula anawe kwanza, na asimbusu kabla ya hapo.

Sahani ya jirani ni suala la heshima, na kukataa chakula cha mtu hapa ni kumtukana kama ilivyo kwetu. Tuliamua kwamba sisi wakubwa tunapokea kila sahani kwa mikono miwili na kuila, na mtoto hali kitu ambacho hakikutoka katika jiko letu. Yeye ana kopo lake la bluu, analolibeba hata msibani na harusini. Akipewa kitu hujibu, "Nina langu, asante Mama," na watu hucheka wakamwacha. Alianza kuweza kusema hivyo akiwa na miaka mitatu hivi. Kabla ya umri huo usimtegemee.

Hatua ya tano: panga dharura kana kwamba itatokea wakati haupo

Jumapili moja ya mwaka wetu wa kwanza, mume wangu akiwa mpakani Kasumbalesa na mimi nikiwa ibadani, jirani mpya ambaye nilikuwa sijamfikia alileta sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Dada wetu, aliyetoka Tanga miezi miwili kabla, aliona vipande vya soseji akampa mtoto kimoja. Kabla ya robo saa midomo ilikuwa imevimba, akatapika, kifua kikaanza kupiga filimbi. Kalamu ya adrenalini ilikuwepo nyumbani. Ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu kanisani. Nilikuwa nimeifungia ili mtoto asiichezee.

Zahanati ya kwanza waliyomkimbizia, ambayo sitaitaja, ilidai malipo kwanza, kisha ikamtundikia dripu na kumchoma sindano ya steroidi, huku adrenalini ikiwa rafuni. Ni daktari wa zamu wa mahali pa pili aliyemchoma pajani, na ndani ya dakika chache rangi ya uso ilirudi. Mtoto alipona. Kutokana na siku ile nayaandika haya.

Dawa ikae mahali pamoja, juu ya kimo cha mtoto, bila kufuli, na kila mtu wa nyumbani apajue. Yetu inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, ndani ya mfuko mwekundu pamoja na barua ya Kifaransa. Isiwekwe kwenye friji wala juani, na isiachwe ndani ya gari, hasa Septemba na Oktoba joto linapopanda kabla ya mvua. Dawa ikibadilika rangi kuwa ya kahawia au ikiwa na chembechembe, ibadilishwe.

Dalili zikigusa pumzi, sauti, au mtoto akilegea na kupauka, au zikijitokeza mahali pawili kwa pamoja, mathalani mabaka na kutapika, usisubiri kuona itakuwaje. Choma adrenalini upande wa nje wa katikati ya paja, hata juu ya nguo ikiwa ni kalamu. Mlaze chali, miguu ikiinuliwa. Kama anahangaika kupumua mwache akae, na kama anatapika mlaze ubavu, lakini usimsimamishe wala kumtembeza hata akionekana amepata nafuu. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, dozi ya pili inaruhusiwa. Dawa za kutuliza mzio kama setirizini huondoa muwasho tu, hazifungui koo, na hazichukui nafasi ya adrenalini. Usimnyweshe maziwa wala mawese, ambayo jirani atakuwa ameyaleta tayari kwa imani kwamba yanaua sumu, kwa maana mtoto anayetapika na kukosa pumzi anaweza kupaliwa. Kisha nendeni hospitali hata akiwa anacheka, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila yeye kula tena.

Hospitali hiyo muichague mapema. Nenda siku ya kawaida, mtoto akiwa mzima, ukaulize mambo matatu: kama adrenalini na oksijeni zipo usiku na Jumapili, nani huwa zamu, na kama wanaanza tiba kabla ya malipo. Majibu yakikuridhisha, waombe waingize jina la mtoto katika faili lao. Usihesabu gari la wagonjwa. Uwe na namba za madereva wawili wa teksi wanaoishi karibu, na ndani ya mfuko mwekundu weka faranga na dola kidogo. Dola ziwe nzima, kwa kuwa hapa noti yenye mchaniko mdogo tu hukataliwa, na hiyo si saa ya kubishana na mtunza fedha.

Hatua ya sita: shule ya watoto wadogo

Watoto huanza shule ya maternele wakiwa na miaka mitatu, na kila mmoja huja na gute yake, yaani kitafunio cha saa nne, ambacho hugawanwa kwa ukarimu wote wa umri huo. Zungumza na mwalimu wa darasa kabla ya mkuu wa shule, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwepo. Mpe dozi ya kubaki shuleni, mwonyeshe namna ya kuitumia, na uweke picha ya mtoto ukutani penye maneno machache ya Kifaransa. Tulikubaliana kwamba akae mwanzo wa meza na kwamba siku za keki za kuzaliwa nitaarifiwa mapema ili niandae yake. Shule moja ilitukataa waziwazi, na nikaona ni heri hiyo kuliko ile inayokubali kila kitu bila kuuliza swali.

Hatua ya saba: jaza pengo la chakula kilichoondolewa

Karanga ni protini na mafuta ya mtoto maskini na tajiri, na ukiziondoa lazima kitu kichukue nafasi. Sisi hutumia dagaa, ambao hapa huitwa kapenta au fretini, waliokaushwa na kusagwa nyumbani na kuchanganywa katika uji, pamoja na maparachichi, mayai na kijiko cha mawese juu ya bukari, kama wanavyouita ugali. Maharage ni ya jamii moja na karanga, lakini wengi wenye mzio wa karanga huyala bila shida. Muulize daktari wako. Kwa mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, maziwa ya mbuzi si mbadala, kwa kuwa protini zake hufanana mno.

Hatua ya nane: rudia vipimo, uzito na tarehe

Mzio wa maziwa na wa mayai mara nyingi huisha mtoto anapokua, wakati wa karanga huisha kwa karibu mtoto 1 kati ya 5. Usijaribu nyumbani kuona kama umekwisha. Jaribio hufanyika hospitali, adrenalini ikiwa mezani, nasi huliahirisha mpaka likizo ya kurudi Tanzania. Ukimpata mdogo wake, usimnyime karanga kwa hofu ya dada yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari walioanzishiwa karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio huo kwa uchache zaidi kuliko walionyimwa. Ila aanzishwe kwa ushauri wa daktari, na kwa karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa katika uji, kamwe si punje nzima ambazo humpalia mtoto.

Kila baada ya miezi mitatu tunampima binti yetu uzito, kwa sababu dozi hufuata kilo, na tunasoma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kalamu. Ile ya kwanza ilipopitwa na wakati hatukuitupa. Tuliwaita majirani uani, tukaweka chungwa juu ya kigoda, nikawaonyesha inavyoshikwa kwa ngumi bila kidole kuziba ncha. Sentineli aliomba yeye ndiye alichome, na alipolibana mpaka likafanya "tak", alihesabu kwa sauti mpaka kumi bila kuambiwa, kisha akanirudishia.